Muziki wa Trela ya Kitabu: Wimbo Una Wenyewe

Somo kwa waandishi, wanamuziki na wapiga video wa kaunti yetu

Kitabu kikishatoka kwa mpiga chapa, kazi ya kukitafutia wasomaji ndiyo huanza. Mwandishi anayejichapishia, awe wa Molo au wa Naivasha, hana kampuni ya kumtangazia; hutegemea simu yake. Njia inayopendwa siku hizi ni trela ya kitabu, yaani video fupi ya dakika moja au mbili inayomwonjesha mtu hadithi na kumwelekeza mahali pa kununua nakala. Picha si taabu. Ukungu wa asubuhi juu ya Menengai, flamingo kwenye Ziwa Elementaita, pilkapilka za steji ya matatu: simu ya kawaida inavinasa vyote. Maneno unayo tayari. Kinachobaki ni muziki, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kujikwaa kwenyewe hufuata mkondo mmoja. Mwandishi huchagua wimbo unaovuma, hukata sekunde arobaini za kiitikio, huzibandika chini ya picha na kupakia video. Baada ya saa chache sauti imezimwa, au video imefungwa kabisa, au inaendelea kuonekana lakini mapato yote ya matangazo yanakwenda kwa mwenye wimbo. Wiki ya uzinduzi ikipotea hivyo hairudi. Na mwenye wimbo akiamua kusonga mbele, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa nafasi ya kudai fidia mahakamani.

Muziki halali upo, mwingine bila malipo na mwingine kwa bei ambayo mtu anaweza kuelewana na mwenzake. Ila ni lazima kwanza ujue unaomba nini, na unamwomba nani.

Wimbo mmoja, wenyewe watatu

Tumezoea kusema "wimbo wa fulani" kana kwamba wimbo ni kitu kimoja. Kisheria ni tabaka tatu. Chini kabisa upo utunzi, yaani sauti na maneno yalivyopangwa, na hayo ni mali ya mtunzi. Juu yake ipo rekodi, ile sauti iliyonaswa studioni siku fulani. Sheria yetu humhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi: mwimbaji akiwa ndiye aliyeilipia studio, huenda ni yeye; studio ikiwa ilimrekodi kwa gharama yake yenyewe, huenda ni studio. Kisha wapo walioimba na kupiga ala, ambao nao wana haki juu ya uimbaji na upigaji wao.

Tuseme kwaya ya kanisa huko Bahati imeimba wimbo uliotungwa na mwalimu ambaye sasa amehamia Eldoret, na ukarekodiwa katika studio ya mjini Nakuru. Mwenyekiti wa kwaya akikuambia "tumia tu, Mungu akubariki," amekupa baraka na huenda pia ruhusa ya waimbaji wake. Ya mwalimu na ya studio hujapata.

Yapo maneno yanayozunguka mitaani ambayo afadhali tuyaondoe mapema. Hakuna kifungu katika sheria ya Kenya kinachosema kwamba sekunde kumi na tano au thelathini za wimbo ni halali. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki na kuripoti habari za wakati huo, chanzo kikitajwa. Trela ya kuuza kitabu ni tangazo la biashara, na haimo humo. Kuandika chini ya video kwamba "sina haki ya wimbo huu" ni kukiri wala si kujitetea. Ukinunua wimbo kwenye Skiza umenunua mlio wa kuwasikizisha wanaokupigia simu. Ukilipia Boomplay au Spotify umelipia kusikiliza. Hata muziki unaokuja ndani ya programu za kuhariri video kwenye simu una masharti yake, na mara nyingi masharti hayo humruhusu mtu anayejifurahisha na kumkataza anayeuza kitu.

Leseni ya ukutani

Wenye hoteli, saluni na matatu wanazifahamu vizuri leseni za muziki, na baadhi yao hudhani kwamba zinatosha kwa kila jambo. Kwa miaka mingi majina yaliyojulikana ni MCSK kwa upande wa watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapiga ala. Vyama vya aina hii hupewa idhini na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na orodha ya vyenye idhini imekuwa ikibadilika, mara nyingine kwa mvutano mkali hadi mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejitambulisha kuwa wakala, uliza KECOBO ni chama gani kimeidhinishwa mwaka huo.

Leseni hiyo lakini inahusu kucheza muziki mbele ya watu. Utaihitaji, kwa mfano, ukikodi ukumbi kwa uzinduzi wa kitabu na kuweka muziki wageni wakiingia. Kuunganisha muziki na picha kwenye video ni haki nyingine kabisa, na huombwa kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, au kwa wakala wao. Pale chama kinapoweza kukusaidia ni katika kukuambia mtunzi ni nani na hupatikana wapi. Hilo pekee laweza kukupunguzia wiki nzima ya kuulizauliza.

Umri wa wimbo

Nchini Kenya utunzi hulindwa kwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Hizo ni saa mbili tofauti, na kila moja inakwenda kwa mwendo wake.

Mfano tunaoujua sote ni Malaika. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza duniani, na wengine wengi wakauimba baada yake. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Tukimhesabu yeye peke yake kuwa mtunzi, wimbo unalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2051, ingawa rekodi ya kwanza ilikwisha kupitisha miaka yake 50 zamani. Halafu lipo jambo la pili: Adam Salim naye ametajwa kuwa mtunzi wa wimbo huohuo, na ubishi huo haukuwahi kuisha. Mtu anaweza kudhani kwamba wimbo unaogombewa ni wa kila mtu. Kwa mwandishi anayetafuta ruhusa ni kinyume chake, maana akimlipa huyu, yule naye anaweza kuja.

Muziki wa kale wa Ulaya una mtego wa namna hiyohiyo. Beethoven alifariki mwaka 1827, kwa hiyo utunzi wake ni huru. Okestra iliyoupiga utunzi huo mwaka juzi ina rekodi yake, na rekodi hiyo si huru. Tovuti ya Musopen hukusanya rekodi za muziki wa aina hii zilizoachiliwa kwa umma, ingawa hata huko inafaa kusoma masharti ya kila rekodi. Na kama unamfahamu kijana anayejifunza piano shuleni, mwombe akupigie kipande hicho umrekodi; hapo ruhusa unayohitaji ni yake na ya mzazi wake.

Kumbuka pia kwamba trela yako itaonekana nje ya mipaka yetu. Uingereza, kwa mfano, huhesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, si 50. Marekani ilizifungua rekodi zote zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na sasa huendelea kufungua nyingine mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa mitandao mikubwa ya video ina makao yake Marekani, hesabu ya huko inaweza kukugusa ukiwa hapa Rongai.

Nyimbo za jadi si za bure

Riwaya nyingi za eneo hili zimekaa kwenye ardhi yenye nyimbo. Anayeandika kuhusu msitu wa Mau atatamani sauti za Waogiek. Anayeandika kuhusu Ziwa Bogoria atawafikiria Waendorois. Na nyimbo za Wakipsigis, Wakikuyu na Wamaasai zipo karibu naye kila harusi. Wengi husema nyimbo hizi hazina mtunzi anayejulikana, basi hazina mwenyewe. Tangu 2016 maneno hayo hayasimami. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, Nambari 33 ya mwaka huo, inaitambua jamii kuwa mwenye nyimbo zake, na inamtaka mtu anayetaka kuzitumia nje ya desturi, hasa kwa biashara, apate kwanza kibali cha jamii baada ya kuieleza wazi anachokusudia kufanya. Inamtaka pia ataje zilikotoka. Sheria hiyohiyo imezipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili ya maarifa na sanaa za jadi zilizomo katika maeneo yao. Wimbo kutokuwepo kwenye sajili hakuufanyi kuwa huru, maana ulinzi hautegemei usajili.

Kuna kisa kutoka kwa majirani zetu ambacho kila mwandishi wa Bonde la Ufa anapaswa kukifahamu. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine zake za kurekodi. Aliwanasa wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku na watu wakazisikia kwenye gramafoni. Rekodi ya Tracey ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Ilisambaa duniani, ikasifiwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa rekodi hizo kurudishwa kwa jamii yenyewe, kwa ushirikiano wa maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi, na baadhi ya waliokuwepo siku ile wakasikia sauti za ujana wao kwa mara ya kwanza.

Sasa tuseme mwandishi wa Njoro anataka sekunde ishirini za Chemirocha kwenye trela yake. Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wa rekodi ya 1950 nchini Kenya uliisha na mwaka 2000. Je, achukue tu? Hapana. Wimbo ni wa utamaduni wa Wakipsigis na sheria ya 2016 bado inaulinda. Nakala nzuri iko mikononi mwa taasisi iliyoihifadhi, na taasisi hiyo ina masharti yake kwa anayetaka kuitumia. Aandike barua kwa maktaba, na azungumze na wazee na vikundi vya utamaduni vya jamii. Afisa wa utamaduni wa kaunti husika anaweza kumwonyesha pa kuanzia. Ndiyo, inachukua muda. Lakini ni heri kuliko kuwafanya watu wa Kapkatet wasikie tena sauti za mama zao zikiuza kitu wasichokijua.

Kwa Waogiek jambo hili lina uzito wa pekee. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017, iliona kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo haki yao ya utamaduni. Mtu anayekwenda Nessuit au Mariashoni kurekodi nyimbo za warina asali aende akijua hilo, na aende na karatasi ya makubaliano wala si simu peke yake.

Muziki wa mtandaoni ulioruhusiwa

Hapa ndipo pa haraka zaidi kwa mtu asiye na fedha. Wapo wanamuziki wengi duniani ambao wameziachilia kazi zao kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Leseni hizi hutambulika kwa herufi, na herufi hizo ndizo za kusoma kabla ya kupakua chochote.

BY maana yake mtaje mtunzi. NC inakataza matumizi ya biashara. Trela inayouza kitabu ni biashara, hata kama umeuza nakala nne tu, kwa hiyo iache. ND inakataza kuugeuza wimbo, na kulingana na masharti ya leseni hizi, kuoanisha muziki na picha zinazosonga huhesabiwa kuwa kuugeuza. Wengi hawajui hilo, nao hutumia wimbo wa ND wakidhani kwamba kwa sababu hawakuukata wako salama. SA inaruhusu, ila itakubidi uiachilie trela yako nzima kwa leseni hiyohiyo, watu wengine wawe huru kuichukua na kuibadilisha. Mwandishi mwenye picha za jalada zilizochorwa na mtu mwingine hawezi kuahidi hivyo. Zinazobaki ni mbili: BY peke yake, na CC0, ambayo mwenyewe ameacha haki zake zote.

Kwa hiyo ukiingia Free Music Archive au ccMixter, chuja kwa leseni kwanza, ndipo usikilize. Ukianza kwa kusikiliza utapenda wimbo usioweza kuutumia, na moyo ukishapenda ni kazi kuubandua. Kevin MacLeod wa Marekani ameweka maelfu ya vipande kwenye tovuti yake ya Incompetech kwa leseni ya BY, na amevipanga kwa hisia: huzuni, hofu, safari, kicheko. Ubaya wake ni kwamba vimetumika mno, na huenda mtazamaji akakumbuka video ya mapishi aliyoiona jana. Maktaba ya Sauti iliyo ndani ya YouTube nayo ni nzuri kwa video zinazowekwa YouTube. Ukitaka kuisambaza trela hiyohiyo Facebook au kituo cha televisheni, soma masharti ya kipande husika tena.

Kumtaja mtunzi kuna utaratibu. Mwishoni mwa trela, na tena kwenye maelezo chini ya video, andika jina la kipande, jina la mtunzi, mahali ulipokitoa, leseni na toleo lake, na useme kama umekikata. Mstari mmoja unatosha. Kisha piga picha ya skrini inayoonyesha leseni na tarehe uliyopakua, uihifadhi, kwa sababu mtunzi anaweza kuiondoa kazi yake kwenye tovuti mwaka ujao nawe ukabaki bila ushahidi wa ulichoruhusiwa.

Neno moja kuhusu muziki unaouzwa kwa jina la "usio na mrabaha". Hilo halimaanishi bure. Maana yake unalipa mara moja na hudaiwi tena kila video inapochezwa. Na kuhusu programu za akili unde zinazotunga muziki ukiziandikia maneno: nyingi huruhusu biashara kwa anayelipia tu, na anayetumia bure huachiwa kujifurahisha.

Mwanamuziki wa hapa

Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora, ingawa si ya bure. Kaunti haikosi wapiga gita, wapiga nyatiti, vijana wenye studio za chumba kimoja, na walimu wa muziki ambao huandaa wanafunzi kwa tamasha za kila mwaka. Kipande cha sekunde tisini kisicho na maneno hakimchukui mtu mwenye ujuzi siku nyingi. Utapata sauti ambayo hakuna trela nyingine inayo, na fedha zako zitabaki hapa.

Lakini kuna jambo katika sheria yetu ambalo wanamuziki wengi hawalijui, na linawaumiza. Mtu akiagiza kazi itungwe na kuilipia, bila makubaliano mengine, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza. Kijana wa Gilgil aliyelipwa kidogo kwa kipande cha trela anaweza kugundua baada ya miaka mitano kwamba hawezi hata kukiweka kwenye albamu yake mwenyewe. Mwandishi hahitaji kumiliki muziki, anahitaji kuutumia. Kwa hiyo andikeni. Sheria inataka uhamisho wa haki na ruhusa ya kipekee viwe kwa maandishi na sahihi. Ruhusa ya kawaida inaweza kuwa ya mdomo, lakini maneno ya mdomo hayaonyeshwi kwa YouTube. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi kwamba fedha zilitumwa, hausemi zilikuwa za nini. Mfano wa maandishi ni huu:

"Mimi ............, mwenye kitambulisho nambari ............, mtunzi na mwenye rekodi ya kipande kiitwacho ............, ninamruhusu ............ kukiunganisha na picha katika trela ya kitabu kiitwacho ............ Trela haitazidi dakika ...... Anaweza kuisambaza katika mitandao ya kijamii, redio, televisheni na hafla za kitabu, nchini na nje ya nchi, kwa miaka ...... Ruhusa hii si ya kipekee, na hakimiliki ya kipande hiki inabaki kwangu ingawa kimetungwa kwa kuagizwa. Jina langu litaonyeshwa mwishoni mwa trela hivi: ............ Nimelipwa Sh ............ Ninathibitisha kwamba hakuna sehemu ya kipande hiki, mdundo ukiwemo, iliyotolewa kwa mtu mwingine bila ruhusa. Walioimba na kupiga nami, ambao pia wametia sahihi, ni: ............ Tarehe, sahihi za pande zote, na shahidi."

Maneno kuhusu mdundo si ya kupamba. Studio nyingi hujenga nyimbo juu ya midundo iliyopakuliwa mtandaoni, ambayo mwenyewe ameikodisha kwa watu mia moja kwa wakati mmoja. Mwanamuziki hana nia mbaya, na pengine hajui. Muulize waziwazi, "Mdundo huu uliutoa wapi?" Akisita, mwombe apige kitu kwa mkono.

Muulize pia kama amesajili wimbo kwa kampuni za kusambaza muziki mtandaoni. Nyingi huuingiza kwenye mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo wenyewe, na mfumo haujui kwamba mlikaa chini mkakubaliana. Utaidai trela yako kama ya mtu mwingine yeyote. Dawa ni mwanamuziki kuiagiza kampuni yake iiachilie video hiyo, na ahadi hiyo iongezwe kwenye karatasi.

Kwa wanamuziki wanaosoma hapa: hakimiliki yako huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila usajili. Hata hivyo usajili kwa KECOBO kupitia Sajili ya Kitaifa ya Haki, ambayo iko mtandaoni, hukupa ushahidi wa tarehe, na siku ya ubishi tarehe ni kitu kikubwa.

Bila wimbo kabisa

Mvua ikipiga mabati haina mtunzi. Wala upepo wa Mau Narok, fisi wa usiku, garimoshi likipita, jembe likigonga jiwe. Ukivirekodi mwenyewe rekodi ni yako. Trela ya riwaya ya kutisha yenye sauti ya mlango unaofunguka na mtu anayepumua inaweza kumshika mtazamaji kuliko okestra nzima. Usichoweza kukirekodi kitafute Freesound, hazina ya sauti iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona mwaka 2005, ukizingatia herufi zilezile za leseni. Angalia tu kwamba redio ya jirani haisikiki nyuma ya mvua yako.

Kisha weka sauti yako mwenyewe ukisoma aya moja ya kitabu. Kama kitabu kina mchapishaji mwingine, mjulishe kwanza, maana huenda mkataba umempa yeye haki hiyo.

Ukidaiwa

Dai likija ukiwa na karatasi zako, usiifute video kwa hofu. Kwenye YouTube, dai linalotokana na mfumo wa kutambua nyimbo si sawa na onyo la hakimiliki. Dai unaweza kulipinga kwa kueleza leseni uliyonayo, na aliyedai ana siku 30 za kujibu. Onyo ni zito zaidi: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli. Usipinge kama huna ushahidi, kwa sababu mwenye wimbo anaweza kukataa, na ukiendelea kung'ang'ana dai hugeuka kuwa onyo.

Pakia trela mapema, wiki tano au sita kabla ya uzinduzi, ukiwa umeifanya ya faragha. YouTube huikagua wakati huohuo na kukuonyesha kama kuna wimbo uliodaiwa. Ikipita, subiri siku yako kisha uifungue kwa umma. Ikikwama, unao muda wa kupinga, kumpigia mwanamuziki simu, au kutoka nje na kurekodi mvua.